Wanausifia mkaa wangu wa vifuu halafu wananunua wa kawaida, kwanini?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala. Anatengeneza mkaa mbadala, anachoma vifuu vya nazi anachanganya na vumbi la mbao na uji wa unga wa muhogo kidogo wa kushikia, anakandamiza kwenye mashine ya mkono, anaanika. Anauza kwenye meza pembeni ya soko, mfuko wa kilo 3 kwa shilingi 4,500, na juu ya meza ameweka kibao cha kijani kimeandikwa TUNZA MAZINGIRA, OKOA MISITU YETU. Anasema watu wakipita wanamsifia sana, "safi dada, hiki ndo kitu nchi inahitaji", kuna hadi wanaopiga picha, halafu wanasogea meza ya tatu wanapimiwa kopo la mkaa wa miti kwa 2,000 wanaondoka. Swali lake: hao wanaonunua brandi za kulinda mazingira huko duniani wananunua kwa sababu gani hasa, na je sisi Wabongo hatujali?

Dada yangu, salamu kwanza, shikamoo au marahaba tutajua tukionana. Naanza na hilo la mwisho kwasababu naona limekuumiza. Wabongo wanajali kama watu wengine wote, na watu wengine wote nao hawanunui. Mwaka 2019 watafiti watatu, Katherine White, David Hardisty na Rishad Habib, waliandika kwenye jarida la biashara la Harvard Business Review wakitaja utafiti mmoja ambao watu 65 kati ya 100 walisema wanataka kununua brandi zinazojali jamii na mazingira, lakini waliofanya hivyo kweli walikuwa kama 26. Na hapo hatuzungumzii watu wanaohesabu nauli ya daladala. Kwahiyo yule anayekusifia halafu anaenda meza ya tatu usimuone mnafiki, hakudanganyi. Sifa anakupa kama raia, anapenda misitu kweli, na sifa haina gharama. Akifungua pochi anakuwa ni mama mwenye maharage ya kuchemsha na watoto wanarudi saa nane, sasa hapo anajiuliza maswali mengine kabisa na kibao chako hakijajibu hata moja.

Mimi kazi yangu ni utafiti wa masoko, nimekaa na wanunuzi wengi wa sabuni, mafuta, majiko, taa za sola, na kama kuna kitu kimoja ningetaka ukishike ni hiki: watu wachache sana wananunua mazingira. Wananunua kitu kinachowafaa wenyewe, hela ibaki, chakula kiive, mtoto asikohoe, jirani aone, na mazingira yanaingia kama nyongeza inayomfanya ajisikie vizuri kwa uamuzi ambao alishaufanya kwa sababu nyingine. Brandi za kijani zilizofanikiwa karibu zote zimelijua hilo, nyingine zimelijua baada ya kupigwa.

Chukua Philips. Mwaka 1994 walileta Marekani taa zile za kubana umeme wakaziita EarthLight, yaani jina lenyewe linakuhubiria dunia. Bei dola 15 taa moja wakati balbu ya kawaida ilikuwa senti 75, halafu umbo lake la ajabu, haikai vizuri kwenye vishikizo vya taa za kawaida za nyumbani. Haikwenda. Hawakuachana na teknolojia, walirudi kuwasikiliza wanunuzi wakakuta mtu anachotaka ni balbu inayodumu asiwe anapanda ngazi kila mara. Mwaka 2000 wakaitoa upya kwa jina la Marathon, umbo limefanana na balbu aliyoizoea mtu, na ahadi kubwa kwenye pakiti ikawa inadumu miaka mitano na itakuokolea zaidi ya dola 20 za umeme. Mauzo yakapanda asilimia 12 kwenye soko ambalo kwa ujumla lilikuwa limelala. Taa ni ileile, umeme unaobanwa ni uleule, dunia imenufaika zaidi kwasababu waliacha kuisema dunia kwanza! Mimi hii stori nikiwaambia watu wa mashirika ya mazingira huwa wananuna kidogo, wanaona kama tunaficha jambo jema. Hakuna anayeficha, mazingira yanabaki kwenye pakiti ila yanakaa mstari wa tatu.

Sasa tuje kwako. Soma kibao chako kama mteja. Kinasema misitu. Misitu iko wapi? Iko Rufiji, iko Morogoro, mbali na sufuria yake. Na kuna jambo baya zaidi ambalo wauzaji wengi hawalijui, kwamba neno la mazingira peke yake linaweza kumtia mteja wasiwasi kuhusu nguvu ya bidhaa. Mwaka 2010 Michael Luchs na wenzake walichapisha utafiti wakionyesha kwamba watu wanahusisha bidhaa za kulinda mazingira na upole, na zile za kawaida na nguvu. Ukiwapa shampuu ya kuogeshea mtoto, ile ya kijani wanaipenda maana mtoto anataka upole. Ukiwapa shampuu ya kuoshea gari wanaikwepa, wanaona haitang'oa uchafu. Na moto dada yangu ni nguvu tupu. Mtu akiona kijani na majani anaona moto legelege, maharage mpaka jioni. Habari nzuri ni kwamba kwenye utafiti huohuo, mtu akipewa uhakika wa wazi kuhusu nguvu ya bidhaa ule wasiwasi unashuka. Watafiti wengine, George Newman, Margarita Gorlin na Ravi Dhar, mwaka 2014 wakaongeza jingine linalochekesha kidogo: mteja akiambiwa kampuni ilikusudia kuifanya bidhaa iwe rafiki wa mazingira anavutiwa kidogo kuliko akiambiwa ilitokea tu wakati wanaboresha vitu vingine. Anadhani nguvu zenu mmezimalizia kwenye mazingira, ubora mkausahau. Kwahiyo anza na moto, vifuu vije baadae, "na kwa taarifa yako hatujakata hata mti mmoja".

Ila hapa lazima bidhaa iwe kweli. Mkaa wa vifuu ukitengenezwa vizuri na ukakauka vizuri unadumu kwenye jiko kuliko mkaa wa miti mwepesi, haurushi cheche, moto wake umetulia. Lakini unachelewa kushika, majivu ni mengi kiasi, na mtu aliyezoea kuchokonoa mkaa akiuchokonoa huu unasambaratika moto unakufa. Sasa fikiria mama kanunua mara ya kwanza, kaupanga wote baridi kwenye jiko, kamwagia mafuta ya taa, umegoma, kapuliza machozi yanamtoka, mume anauliza chai. Huyo umempoteza na atawaambia mtaa mzima hauwaki. Kila mfuko utoke na maelezo ya mdomo: weka kipande cha kifuu kikavu au vipande viwili vitatu vya mkaa wa kawaida chini viwashe kwanza, ukishika usiuguse, usiupikie chai ya haraka, huu ni wa maharage, makande, supu, nyama ya ng'ombe mzee. Hapo unamwambia mpaka ubovu wake na ndo maana atakuamini kwenye uzuri.

Halafu kuna suala la kipimo, na kwangu mimi ndipo biashara yako ilipokwama kuliko mahali pengine popote. Jirani anauza kopo kwa 2,000, wewe mfuko wa kilo 3 kwa 4,500. Umesema mwenyewe kwamba kopo lile ukilipima ni kama kilo moja ya mkaa. Kwahiyo kwa kilo wewe uko chini, 1,500 kwa 2,000, lakini nani anayepiga hesabu ya kilo sokoni? Anachokiona ni elfu nne na mia tano inamtoka kwa mkupuo kwa kitu ambacho hajawahi kukijaribu, wakati hela ya mkaa ya leo ni elfu mbili na ya kesho itapatikana kesho. Watu wengi mijini mwetu wananunua kila kitu kwa siku, mafuta ya kula ya kupima, sukari ya fungu, vocha ya mia tano. Bidhaa ya kijani inayomtaka atoe hela nyingi leo ili aokoe baadae inamtaka awe mtu mwingine.

Waangalie M-KOPA pale Kenya walipoanza kuuza sola mwaka 2012. Wangeweza kuuza kwa kuhubiri hewa ya ukaa, wangeuza kwa wafadhili tu. Walichofanya ni kumuangalia mtu wa kijijini anayenunua mafuta ya taa kidogokidogo kila jioni na kulipia kuchaji simu kwenye kibanda, wakachukua helahela hizohizo wakazigeuza malipo ya sola, unatanguliza kidogo halafu karibu shilingi 50 za Kenya kwa siku kwa M-Pesa, kwa mwaka hivi, baada ya hapo mtambo ni wako. Mtu hakubadilisha bajeti, alibadilisha inakokwenda. Na ukimuuliza kwanini kanunua atakwambia taa kali watoto wanasoma, simu nachaji nyumbani, moshi wa koroboi umeisha. Dunia kupoa labda ataikumbuka ukimkumbushia. Yale majiko ya bati nje udongo ndani yaliyoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 na baadae kwetu, nayo hivyohivyo, yanakula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, mama akaona kopo linavuka siku, basi. Miti iliyopona ilipona humohumo ndani ya hesabu ya kopo.

Kwahiyo chukua kopo lilelile la jirani, lilelile kabisa, jaza mkaa wako, na uuze kwa bei ambayo mtu anaweza kuilinganisha bila kalamu. Vipande vyako vizito, kopo lako litakuwa na uzito zaidi, kwahiyo hata ukiuza sawa na yeye au ukizidisha mia mbili mteja atafaidi, ila fanya hesabu yako usijikate. Mfuko wa kilo 3 usiufute, uwe wa wale waliokwishajaribu.

Sasa nimesema watu wananunua kwa faida yao, na faida sio hela tu, kuna kuonekana. Hili watu hawalikubali hadharani ila ndo linaloendesha sehemu kubwa ya brandi za kijani za wenye nacho. Toyota Prius ni mfano unaojulikana sana. Marekani palikuwa na magari kadhaa ya haibridi, yaani yanayotumia mafuta na umeme pamoja, Honda walikuwa na Civic ya haibridi, lakini ile Civic ukiiona barabarani ni Civic tu, Prius ina umbo lake huwezi kuikosea. Mwaka 2007 gazeti la New York Times likaripoti utafiti wa soko ambao zaidi ya nusu ya wanunuzi wa Prius, asilimia 57, walisema sababu kubwa ya kuinunua ni kwamba gari linasema kitu kuhusu wao. Waliotaja kubana mafuta walikuwa 36, waliotaja moshi mdogo 25 tu. Miaka mitatu baadae Vladas Griskevicius na wenzake wakafanya majaribio wakakuta watu wakishawekwa kwenye hali ya kufikiria hadhi wanachagua bidhaa ya kijani zaidi, lakini pale wanapofikiria kununua mbele za watu, na pale bidhaa ya kijani inapokuwa ghali kuliko ya kawaida. Akiwa peke yake anafikiria kununua kwa siri anarudi kwenye ya kifahari. Ndo ujue binadamu. Nairobi dereva wa teksi ya mtandaoni anayetafuta haibridi ya mtumba hana habari na hayo, yeye anatafuta lita, gari ni lile moja sababu mbili tofauti kabisa.

Mkaa wako tatizo lake unaliwa jikoni nyuma ya nyumba, hakuna anayeuona, kwahiyo kwa mama wa nyumbani hiyo nguvu ya kuonekana huna na usijidanganye kuitafuta. Ila kuna watu ambao jiko lao liko mbele ya wateja. Muuza mishkaki, mama lishe mwenye meza zake, baa yenye nyama choma, hoteli za ufukweni Zanzibar na Kigamboni ambazo wageni wake wanauliza maswali. Hao kibao kidogo kizuri, "hapa tunachoma kwa mkaa wa vifuu", kinawafaa kama tangazo lao wenyewe, na hao ndo wanaoweza kukulipa bei ya juu kidogo. Hapo kijani chako kiweke mbele kabisa, kwasababu kwa huyu mteja kijani ni faida yake. Tena mkaa usiorusha cheche mbele ya mteja aliyevaa nguo nyeupe ni jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Na kuna nguvu nyingine ya bure kabisa, nayo ni kujua wenzangu wanafanya nini. Noah Goldstein, Robert Cialdini na huyohuyo Griskevicius waliwahi kujaribu kadi za kwenye bafu za hoteli Marekani, zile zinazokuomba utumie taulo zaidi ya siku moja. Kadi ya kawaida ya kutunza mazingira iliitikiwa na wageni kama 35 kati ya 100. Wakabadilisha wakaandika tu kwamba wageni wengi wa hoteli hii wanatumia taulo zao tena, wakafika 44. Jaribio la pili wakaandika wageni wengi waliolala chumba hiki hiki, ikafika 49. Chumba hikihiki! Mgeni aliyelala humo wiki iliyopita ananihusu nini mimi, lakini ndivyo tulivyo. Kwahiyo acha kuandika OKOA MISITU, andika "mama lishe wa soko hili wanapikia huu", mradi iwe kweli, na iwe soko hilo sio Dar es Salaam nzima. Ukipata watatu wanaoheshimika na sufuria zao kubwa zinaonekana, hao watakufanyia kazi ambayo kibao hakiwezi.

Mtu ataniuliza, ina maana hakuna kabisa wanaonunua kwa moyo? Wapo. Kuna utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2004, Thomas Bjørner na wenzake waliangalia manunuzi halisi ya familia, wakakuta kwa karatasi za chooni watu walikuwa tayari kulipa kama asilimia 13 hadi 18 zaidi kwa zenye alama ya Swan, ambayo ni alama ya mazingira ya nchi za Nordik iliyoanza 1989. Karatasi ya chooni haina wa kuonekana nayo, kwahiyo hapo ni dhamira kweli. Lakini tazama mazingira yake: ubora haupishani, tofauti ya bei ni ya kubeba, na alama yenyewe haitolewi na muuzaji, inatolewa na chombo ambacho watu wanakiamini. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo dhamira inaanza kuyumba. Patagonia nao wana wateja wa dhamira, ile kampuni ya nguo za milimani ya Marekani, mwaka 2011 walilipia ukurasa kwenye New York Times siku ya Black Friday, ile siku ya punguzo kubwa la bei, wakaweka picha ya jaketi lao na maneno usinunue jaketi hili, na mwaka 2022 mwenye kampuni Yvon Chouinard akaitoa kampuni yote kwa ajili ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli na inapendeza, ila jaketi lao pia ni imara na wanakushonea likichanika, sijawahi kuona dhamira ikibeba jaketi bovu kwa muda mrefu.

Hilo la kuaminika nataka nilikazie kidogo kwasababu wewe ni mdogo na mdogo akipoteza imani harudi. Watu wamedanganywa sana kwa rangi ya kijani. Volkswagen walitangaza dizeli safi miaka, Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaweka wazi kwamba gari lina programu inayojua likiwa linapimwa na kupunguza moshi kwa muda ule tu, ikaja kujulikana ni magari kama milioni 11 duniani. Mwaka 2020 Kamisheni ya Ulaya ilipitia madai ya mazingira kwenye bidhaa, asilimia 53 yakakutwa hayaeleweki, yanapotosha au hayana msingi. Kwahiyo mteja msomi ukimuonyesha jani na "asilimia mia rafiki wa mazingira" anakunja uso. Mwambie kitu anachoweza kukishika: vifuu kutoka kwa wakuna nazi wa sokoni, vumbi la mbao la mafundi wa mtaa fulani, kishikizo unga wa muhogo. Mwonyeshe gunia la vifuu pale chini ya meza. Hata neno mkaa mbadala peke yake halitoshi siku hizi, kuna mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, mfano ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaoitwa Rafiki. Unapunguza kukata miti, sawa, ila makaa ya mawe ni makaa ya mawe, na wa kwako ni kitu kingine, una haki ya kusema hivyo bila kumponda mtu.

Na tafadhali sana, lile neno "hauna moshi" uliloandika kwenye mfuko, liondoe. Moshi unaoonekana ni mdogo kweli, lakini mkaa wowote unaowaka unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na mtu akiambiwa hauna moshi ataingiza jiko ndani chumbani usiku wa baridi na kufunga dirisha. Andika pikia mahali penye hewa. Kwa wafuga kuku wanaotumia mkaa kupashia vifaranga waambie hivyohivyo, na hao usiwasahau, wanahitaji moto uliotulia unaokaa muda mrefu, yaani wanahitaji hasa ulichonacho.

Serikali nayo inakusaidia kuliko mapenzi ya watu kwa mazingira. Kumbuka mifuko ya plastiki, miaka tuliimba plastiki ni mbaya na kila mtu alikubali huku ameishika mkononi, Kenya wakapiga marufuku Agosti 2017, sisi tarehe 1 Juni 2019, ndani ya muda mfupi kila mtu ana kikapu au mfuko wa kitambaa. Kwenye nishati sasa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshatakiwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi mwaka wa mwisho. Shule, vyuo na hoteli kubwa zilizo karibu na wewe zinatafuta pa kushika, nenda na sampuli na karatasi ya vipimo, ukiwa na nembo ya TBS ndo kabisa. Meneja wa shule hanunui kwa huruma ya misitu, ananunua asije akaulizwa na mkaguzi.

Ufanye nini wiki hii. Jumamosi weka majiko mawili pale mezani, yanayofanana, sufuria mbili sawa, kilo ya maharage kila moja, moja mkaa wa jirani wa elfu mbili na moja wa kwako wa elfu mbili. Uwashe wa kwako mapema ushike vizuri, na useme wazi kwamba umeuwasha mapema. Andika muda kwa chaki ubaoni watu waone, usizungumze sana. Wa jirani ukiisha na ikabidi aongeze, hapo acha watu waongee wenyewe, na maharage wagawie.

Kibao cha kijani usikitupe, kigeuze upande wa pili uandike kopo 2,000 na maneno ya maharage. Halafu anza kuweka akiba ya mkaa kuanzia sasa, mkavu, juu ya chaga na turubai, kwasababu masika ikianza malori ya mkaa yanakwama, unaokuja unakuja umelowa na bei inapanda, na mtu aliyewasha mkaa mbichi siku mbili mfululizo hana haja ya kushawishiwa, anatafuta tu nani ana mkavu.